Siki ya Moshi

Siki sikuwa nikinunua. Tangu nilipoolewa nilikuwa naitengeneza mwenyewe, Unguja kwa maji ya miwa, na tulipohamia Maskati, kwa tende. Tende unaziosha, unaziroweka katika mtungi, unaufunga mdomo wake kwa kitambaa safi, unauweka pahala penye giza, basi. Baada ya hapo mtungi haufunguliwi na hautikiswi. Mama yangu alinifunza sababu yake nami nikaishika: katikati ya tende na siki kuna siku ambazo maji yale huwa khamri. Ukiyaacha yageuke yenyewe, bila ya kuyatia mkono, yakiwa siki ni halali yako. Lakini hutakiwi kuyafungua ukayakuta yako njiani.

Kwa hivyo watu wa kwetu, wa Unguja na wa bara, waliokuwa wakikaa mtaani kwetu Ansab, pale Maskati, na hata mbali zaidi, walikuwa wanakula achari yangu bila ya kuuliza. Nasema bila ya kuuliza kwa sababu hilo ndilo lililokuwa langu mimi. Sikusoma. Nilikwenda chuo cha Kurani nikahitimu Msahafu, na skuli nikakaa kidogo tu kabla ya kutolewa. Sina cheo wala sina duka. Lakini mwanamke akiona bakuli langu juu ya busati alikuwa anatia kidole, analamba. Mapishi ya mwengine atauliza kwanza: nyama umenunua wapi, kachinja nani. Yangu haulizi.

Nina watoto kadhaa. Huyu ninayemwandika ni wa mwisho, niliyekuwa nikikaa naye baada ya baba yake kufariki. Serikali ilimpeleka ng'ambo kusoma kemia, elimu ya madawa na mageuzi yake, akarudi miaka ya tisini karibu na mwisho, na shahada na miwani. Kwanza alipata kazi katika hoteli kubwa, kupima maji na vyakula vya jikoni. Nikamuuliza hoteli ile inauza ulevi? Akasema inauza. Nikamwambia mshahara huo mimi siuli, na chakula utakachokinunua kwa pesa hizo kipike upande wako. Aliacha kazi wiki ile ile, hakubisha. Nikajisifu kwa wenzangu kwamba nimelea. Kumbe alichojifunza siku ile ni kipi cha kutoniambia.

Ikapita miaka kidogo, akaoa, wakakaa na mimi. Ndipo alipopata kazi kwa wageni fulani waliokuwa na banda lao mtaa wa Ghala, nyuma ya magereji. Wakati wa chakula cha mchana nikamuuliza kazi gani hiyo.

"Mama, unaijua ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani?"

"Naijua. Ilimuua jirani yetu mtaa wa Ng'ambo, kule Unguja, na mwanawe."

"Basi viwanda vinaitoa kwa wingi, inachomwa juu ya dohani, inapotea. Sasa kuna vijidudu, huvioni kwa macho, vinaila hewa ile."

"Vinakula sumu?"

"Vinakula na vinazaana."

"Na vikishakula, vinatoa nini?"

Hapo alikuwa anachambua mwiba wa samaki. Aliuchambua taratibu sana. "Siki," akasema.

Mkewe aliinuka kwenda kuleta maji, na jagi lilikuwa bado limejaa. Nililiona, sikulifikiria.

"Siki ya moshi," nikasema.

"Ndiyo, mama. Ni kama mtungi wako tu. Unafunga, unasubiri, vijidudu vinageuza. Tofauti wewe unavipa tende, sisi tunavipa moshi."

Nilifurahi. Siwezi kukwambia nilifurahi vipi. Miaka yote nilikuwa namsikiliza mwanangu akizungumza mambo yake nisielewe hata neno, na leo ananambia anafanya kazi yangu. Nikampa na nasaha: msifungue katikati, msitie mkono. Akasema, "Hatutii mkono, mama," na akanibusu kichwa.

Nikamtaka aniletee nionje. Kwanza akasema haijachujwa. Halafu akasema hawaruhusu kutoa kitu nje. Nikazidi kumkaba, maana siki ambayo hairuhusiwi kuonjwa ni siki gani? Mwisho akaja na chupa ya kioo kizito, ina karatasi nyeupe ubavuni na tarakimu zimeandikwa kwa mkono. Nikaitia ulimini. Ilikuwa kali, nyeupe kama maji, haina harufu ya tunda hata chembe.

"Haina roho," nikamwambia, "lakini moshi utatoa wapi roho? Siki ni siki."

Akacheka. Tulicheka sote watatu.

Ilikuwa inakaribia Ramadhani. Nikatengeneza achari ya embe mbichi na ya ndimu kwa siki ile, nikamwambia alete chupa nyengine, akaleta. Nikagawa. Kila nyumba niliyopeleka nilieleza, maana nilikuwa nataka wajue. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, watu wake walitoka upande wa Kigoma, na sisi wawili siku zote tunachokozana.

"Moshi?" akanambia. "Shoga, mimi jikoni kwangu moshi upo tele, nikujazie ndoo?"

"Wako ni wa kuunguza wali. Hautoi siki, unatoa talaka."

"Nyie wa Unguja mnapika achari kama mnapika dawa, sasa mmeingia na maabara! Haya, lete nionje dawa." Akatia kidole, akalamba. Hakuuliza.

Nikapeleka mpaka mji wa Qurayyat, kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Huyu hajapata kunipenda, na alikuwa akisema wazi kwamba watoto wangu wameharibiwa na skuli. Safari hii alipiga simu mwenyewe kuomba gudulia jengine. Akasema, "Mwambie mwanangu mikono yake isipate moto wa akhera." Nikamwambia mwanangu. Akasema inshallah.

Baada ya Idi wale wageni wa kazini kwake walialika jamaa za wafanyakazi kwenda kuona kazi yao. Yeye hakutaka niende. Akasema kuna joto, hakuna pa kukaa, wanazungumza Kiingereza kitupu. Nikasema nimekaa kwenye joto kabla hajazaliwa. Nikamchukua jirani yangu, tukavaa buibui zetu, mkewe akaja, tukaenda.

Banda lilikuwa na viyoyozi na viti na juisi. Katikati limesimama tangi la kioo, refu kama mtu, ndani yake maji ya rangi ya chai ya maziwa yanatoa mapovu kutoka chini kwenda juu bila ya kupumzika. Mipira inaingia, mipira inatoka. Niliyatazama mapovu yale kwa mapenzi, sitaficha. Nilisema moyoni, mtungi wangu ungekuwa wa kioo ningeona hivi.

Mkubwa wao, mzungu mwenye uso mwekundu, akazungumza, na msichana wa Kiomani akawa anafasiri kwa Kiarabu, mimi macho na masikio bado yako kwenye mapovu. Halafu yule mkubwa akachukua kichupa, akamimina kidogo katika sahani ya chuma, akapiga kibiriti.

Ikawaka. Ndimi za buluu, hazina moshi, karibu usizione.

Nimewasha stovu la kupampu zaidi ya nusu ya umri wangu. Kabla ya mafuta ya taa kushika unatia spiriti kidogo kwenye kikombe chake, unaiwasha ipashe moto. Rangi ile naijua kama ninavyojua rangi ya mboni za wanangu.

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu akanishika mkono, kwa nia njema kabisa, sauti juu: "Shoga, si ndiyo ile siki yetu?"

"Siki haiwaki," nikamwambia.

Nikamtafuta mwanangu kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa tangi, anatazama mapovu kama ndiyo kwanza anayaona.

Nikamuendea yule msichana nikamuuliza kwa Kiarabu ni kitu gani kile. Akasema kwa adabu, kama anayezungumza na mama yake mdogo, "Kuhuli, khalti, ile spiriti ya ulevi. Itatiwa katika magari badala ya petroli."

"Na siki?"

"Vijidudu vinapenda kutoa siki, khalti, lakini sisi hatuitaki. Tunavibana mpaka vitoe hii. Siki inamwagwa."

Katika gari nilikaa mbele. Tulipomshusha jirani yangu nikamuuliza mwanangu.

"Chupa ulizoniletea zilitoka katika tangi lile?"

Aliendesha. Tukazunguka mzunguko wa barabara, tukatoka. Mkewe nyuma akajikohoza.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Na vijidudu vyenyewe mlivitoa wapi?"

"Asili yao ni kwenye matope. Na kwenye mavi ya wanyama."

Nilipofika nyumbani nilimwaga achari yote iliyobaki, nikaosha magudulia, miko, visu na ubao wa kukatia, nikaviosha tena. Nilikuwa nimewafuturisha Waislamu kwa ulevi na najisi, kwa mkono wangu na kwa maneno yangu matamu. Nikamuuliza mwanachuoni mmoja wa mtaani kwetu. Akanambia asiyejua hana dhambi. Nikamwambia hilo nalijua, sheikh, lakini wao nao wana haki ya kujua walichokula, na nani kawapa.

Basi nikatoka nyumba kwa nyumba. Nilisimama mbele ya kila niliyempelekea, nikasema: achari niliyokupa ilikuwa na kitu cha haramu, mimi sikujua, nakuomba radhi, na iliyobaki imwage. Hivyo hivyo, sikuizungusha. Wengine walisema "Allah msamehevu" na wakatazama chini. Mmoja alitapika, ingawa alikuwa amekula zamani. Jirani yangu alinikumbatia. Lakini alimwaga, niliona.

Na kila nilipokwenda, mwanangu ndiye aliyenipeleka. Nilimuona amenyong'onyea, nikamhurumia, nikasema moyoni leo anaona matunda ya uongo wake. Alinisubiri ndani ya gari, injini inanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi. Mpaka Qurayyat alinipeleka. Alichukua ruhusa kazini, tukapita ile njia ya milimani, anaendesha taratibu kwa sababu alijua kichefuchefu hunishika kwenye kona. Alininunulia maji. Akaniuliza, "Umepumzika, mama?"

Wifi yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umenilisha ulevi mwezi wa Ramadhani, wifi?"

"Nimekulisha bila ya kujua. Nimekuja kukwambia."

"Na mimi nilikuwa nakusifu! Nimewapa na wakwe zangu! Nimewaambia wifi yangu huyu, tabu zake nyengine tuziache, lakini mkono wake ni safi!" Akamuita mtumishi, gudulia likaletwa, limeliwa nusu. Akaliweka juu ya busati mbele yangu. "Chukua chako."

Nikalichukua. Kutoka sebule ya wanaume nilikuwa namsikia mwanangu anazungumza na binamu zake, anakunywa kahawa. Nilimsikia akicheka.

Tulirudi na gudulia lile miguuni kwangu.

Ikapita kama wiki. Asubuhi moja tulikuwa tunachagua mchele, mimi na mkwe wangu. Mkono wake ukasita katika ungo, nikaona machozi yanadondoka juu ya mchele.

"Mama," akasema, "hakuna aliyekula haramu."

"Unasema nini?"

"Zile chupa nilinunua mimi. Siki nyeupe ya dukani. Alinambia ninunue, akaitia katika chupa za kazini ili usimkabe. Hakikutoka kitu katika tangi lile, mama. Wallahi nilitaka kukwambia siku ile garini, akanitazama kwenye kioo."

Kwanza nilisema alhamdulillah. Nilisema kwa moyo wangu wote, na nikainuka nikasali rakaa mbili za shukurani. Nilipotoa salamu ndipo lile la pili liliponifika, pale pale juu ya msala.

Aliporudi kazini sikumpa nafasi ya kuvua viatu.

"Ulinipeleka Qurayyat," nikamwambia.

Akamtazama mkewe.

"Usimtazame yeye. Nitazame mimi. Ulinipeleka Qurayyat."

"Mama, ulitaka kwenda mwenyewe."

"Ukakaa sebuleni na binamu zako unacheka, mimi ndani natupiwa gudulia kama mbwa, naomba radhi ya kosa ambalo halikuwepo. Na wewe unajua kuwa halikuwepo."

"Nilidhani ukishaomba radhi yatakwisha. Watu watasamehe, utatulia. Kazi yenyewe si haramu, mama, ni mafuta ya magari, hakuna anayekunywa. Nilijua hutokubali tu."

"Sikuulizi kazi. Garini nilikuuliza chupa. Kwa nini hukusema?"

Alivua miwani akaifuta. "Ningesema siki ni ya dukani, ungejua nimekudanganya tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuona tayari umeshakasirika kwa moja."

"Kwa hivyo ni bora watu wote wanijue mimi mlisha haramu, kuliko mimi mtu mmoja nikujue wewe mwongo."

Akairudisha miwani machoni, akainama kuvua viatu.

Nikamwambia: nyumba zote nilizokwenda mimi, utakwenda wewe, uwaambie kwa ulimi wako. Akasema atakwenda. Akaenda kweli, hata Qurayyat alikwenda peke yake. Nikasema, alau hilo.

Siku ya pili yake jirani yangu akaja, akakaa, akavuta kikombe cha chai.

"Mwanao kapita. Mtoto mwema yule."

"Mwema kwa lipi?"

"Kukubebea aibu yako, shoga. Mtu mzima, na shahada yake, anakuja kusimama mbele yangu anajisingizia kwamba yeye ndiye kadanganya, siki ni ya dukani, mama hana kosa. Wangu mimi hata mfuko wa sokoni hanibebei."

"Hakujisingizia. Ndivyo ilivyokuwa."

"Haya, ndivyo."

"Mkewe ndiye aliyenunua. Muulize."

"Haya, shoga, nimekubali. Yameshakwisha." Alilisema kama unavyomkubalia mgonjwa anayesema amepona. Akanibadilishia mazungumzo.

Kila nyumba ikawa hivyo. Mara ya kwanza nilipokuja na khabari mbaya juu yangu waliniamini, maana nani atajizulia vile? Sasa imekuja nzuri, kaileta mtoto wangu, wakaona ni sitara. Wifi yangu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa laini, nami sijapata kuisikia laini. "Mungu akuwekee mwanao," akanambia. "Kwa kustahi mzazi, huyu ni mfano." Yule aliyesema skuli imewaharibu.

Jioni nikamuuliza. "Walipokwambia wewe mtoto mwema, unamstiri mama yako, uliwajibu nini?"

Akanimiminia chai.

"Uliwajibu nini?"

"Niliwaambia ni wajibu wangu."

Nimeliandika neno hilo kama alivyolisema. Chupa ningeweza kuisamehe. Kazi, nilikuja kuielewa baadaye, na sikuwa na neno nayo: moshi uliokuwa ukipotea hewani ukageuzwa nishati, hilo ni jambo jema na hakuna aliyelewa. Qurayyat penyewe, labda, kwa miaka. Lakini waliposimama kumsifu kwa aibu yangu aliipokea ile sifa, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani.

Achari sikupeleka tena kwa mtu. Hakuna aliyenikataza. Ila katika hitima na harusi nilianza kuona chupa za dukani zimewekwa juu ya busati, na bakuli langu, nilipojaribu kulipeleka mara moja, lilizunguka likarudi na kijiko kimesimama kama nilivyokisimamisha. Mwanamke mmoja aliniuliza, kwa upole, "Bibi, humu umetia siki gani?" Nilimjibu. Nilikwenda nalo nyumbani nikalila mwenyewe kwa siku nyingi.

Lile banda la Ghala lilikuja kufungwa. Wageni wakaondoka na tangi lao, wakasema hewa ya viwanda vya hapa imepata wanunuzi wengine, na mwanangu akaingia serikalini. Hakuleta tena chupa nyumbani, hata ya juisi.

Mwaka aliokwenda Hijja alikuja chumbani kwangu kuniomba radhi, kama inavyotakiwa. Alikaa chini, karibu na miguu yangu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Mama, nataka radhi yako. Kwa yote. Na kwa ile ya siki."

"Radhi nimekupa," nikamwambia. "Sikuzuilii Hijja yako. Nenda, Mungu akutakabalie."

Akalia, akanibusu mkono. Kisha akaniuliza, bado yuko chini, "Sasa tumekuwa kama zamani?"

"Radhi ni haki yako kwangu, nimeitoa. La kuwa kama zamani hukuliomba kwa wakati wake."

Akasema, "Lakini, mama, nakuapia, tangu siku ile sijakudanganya hata kwa neno."

Huenda ni kweli. Nakaa nyumbani kwake mpaka leo, ananiangalia vizuri, wala sinyimwi kitu. Na akinambia nje kunanyesha mvua, nasema haya, kisha nasimama nakwenda dirishani kutazama.